Kutaniana na Kutaniwa: Uchokozi wa Maneno na Urafiki wa Watoto wa Madarasa ya Chini

Uchokozi wa maneno ni kutumia lugha kwa nia ya kumuumiza mtu, kumdhalilisha au kumtenga na wenzake. Kwa watoto wa darasa la awali hadi la tatu au la nne huja kwa sura nyingi: tusi la wazi, jina la kubandikwa, kejeli, kuigiza kigugumizi au mwendo wa mwenzao, kitisho, uzushi, na ile kauli fupi ya "huchezi na sisi." Kauli hiyo ya mwisho haina hata neno moja chafu ndani yake, lakini huweza kumliza mtoto wa miaka saba kuliko tusi la nguoni. Inagusa moja kwa moja kile ambacho uchokozi mwingi wa maneno hulenga kwa kuzunguka, yaani nafasi ya mtoto miongoni mwa wenzake. Ndiyo maana suala la matusi shuleni haliwezi kuchambuliwa peke yake bila kutazama urafiki: nani yuko na nani, nani akisema husikilizwa, nani hucheka, na nani hubaki pembeni.

Utani, ugomvi na uonevu

Si kila neno kali ni uonevu. Watoto hugombana, hutukanana na kupatana ndani ya kipindi kimoja cha mapumziko, na ugomvi huo wa watu walio sawa ni sehemu ya kujifunza kuishi na wengine. Mwanasaikolojia Dan Olweus, mzaliwa wa Sweden aliyefanya kazi yake kubwa nchini Norway, alitoa vigezo vitatu vinavyotumika hadi leo kutambua uonevu: mtendaji ana nia ya kuumiza, kitendo kinajirudia, na pande mbili hazilingani kwa nguvu. Nguvu hapa si misuli tu. Mtoto mwenye marafiki watano ana nguvu juu ya asiye na hata mmoja. Mwepesi wa kusema ana nguvu juu ya mwenye kigugumizi. Kiranja aliyepewa karatasi ya kuandika majina ya wapiga kelele ana nguvu juu ya darasa zima pindi mwalimu anapotoka.

Vitenzi vya Kiswahili vinatoa kipimo kingine, rahisi na kinachojulikana na kila mzungumzaji. Watoto waliozoeana hutaniana: mmoja hurusha neno, mwenzake hulirudisha, na baada ya dakika chache hakuna anayekumbuka nani alianza. Mtoto anayetaniwa yuko katika hali nyingine kabisa. Kauli ya kutendana huonyesha kupokezana. Kauli ya kutendwa huonyesha mtu aliye upande mmoja tu wa jambo. Mzazi anayejibiwa "Tulikuwa tunataniana" amepewa habari tofauti na mzazi anayejibiwa "Wananitania kila siku," hata kama maneno yaliyotamkwa uwanjani ni yale yale. Kipimo hiki hakikosi mianya, kwa kuwa mchokozi naye akibanwa na mwalimu hujitetea kwa kauli ya kutendana. Mwalimu makini humuuliza aliyetaniwa, wala haridhiki na maelezo ya aliyetania.

Kutoka mkono hadi ulimi

Mtafiti wa Kanada Richard Tremblay na wenzake, waliofuatilia watoto kwa miaka mingi, walionyesha kuwa umri ambao binadamu hupiga, husukuma na kuuma zaidi ni baina ya miaka miwili na minne. Baada ya hapo, kwa walio wengi, ugomvi wa mikono hupungua mwaka hadi mwaka. Kupungua huko hakumaanishi kwamba hasira zimekwisha. Mtoto amepata lugha, amejifunza kwamba mkono huadhibiwa haraka, na amegundua kuwa neno linafika mbali kuliko konde na haliachi alama ya kumwonyesha mwalimu.

Watafiti wa Finland, Kirsti Lagerspetz na Kaj Björkqvist, waliupanga mwendo huo katika hatua tatu. Kwanza huja uchokozi wa mwili, kisha wa maneno ya ana kwa ana, na mwisho ule wa kuzunguka, kama kusengenya, kuvujisha siri na kuwashawishi wengine wamnunie mtu fulani. Hatua ya tatu hudai akili zaidi, kwa kuwa mtendaji anapaswa kujua wengine wanafikiri nini na watafanya nini wakisikia habari. Mtoto wa miaka mitano hutenga watu kwa sauti, mbele ya kila mtu: "Wewe si rafiki yangu tena." Wa miaka tisa huweza kumtenga mwenzake bila kumwambia neno lolote.

Umri wa kuingia darasa la kwanza na la pili una jambo jingine linaloyapa maneno uzito mpya. Mtoto mdogo hujiona hodari wa kila kitu. Anapofika miaka saba au minane huanza kujilinganisha kwa dhati na wenzake: nani anasoma vizuri, nani anakimbia, nani ana viatu vipya. Wakati huohuo shule inampa vipimo vya kujilinganisha kila siku, kuanzia alama za daftari hadi nafasi ya darasani inayosomwa mbele ya wote. Jina "kilaza" lililokuwa sauti tupu kwa mtoto wa miaka minne, kwa wa miaka minane limeshakuwa hukumu anayoweza kuihakiki kwa ripoti ya muhula.

Maneno yenyewe

Akiba ya watoto ya majina ya kubeza ni kubwa, na haina fujo kama inavyodhaniwa. Sehemu kubwa huhusu mwili: bonge, kimbaumbau, andunje, chongo. Katika darasa la kwanza na la pili, meno ya utoto yanapong'oka, karibu kila mtoto kwa zamu yake huwa na pengo, na neno "kibogoyo" huzunguka darasa zima. Kwa kuwa linamhusu kila mtu, mara nyingi halidumu kwa yeyote. Jina linalokaa ni lile linalomhusu mmoja: mtoto pekee mwenye ualbino, pekee anayetumia gongo, pekee aliyejikojolea darasani siku ile.

Kundi la pili ni majina ya akili na masomo, kama mbumbumbu, kilaza na kichwa maji. La tatu ni la asili na hali ya nyumbani: mshamba, sare iliyotoboka, mama anayeuza maandazi mlangoni mwa shule, lafudhi ya lugha ya nyumbani. Mtoto aliyekulia kijijini akizungumza lugha ya kabila lake huanza shule kwa Kiswahili chenye matamshi ya kwao, na sauti za "r" na "l" anazozibadilisha bila kujua huwa kichekesho anaposimamishwa kusoma. Anaweza kujua jibu na bado akaacha kunyoosha mkono.

Sarufi nayo hushiriki. Kiswahili huwaweka watu katika ngeli ya A-WA. Kumwita mtu "kijitu" au "jitu" ni kumwondoa katika safu ya watu na kumpunguza au kumkuza hadi asifanane na binadamu wa kawaida, kabla hata ya sifa yoyote kutajwa. Si ajabu kwamba majina mengi ya zamani ya ulemavu, kama kilema, kiwete na kiziwi, yamebeba kiambishi hicho cha ki-. Vyama vya watu wenye ulemavu vinaposisitiza "mtu mwenye ulemavu," au "mtu mwenye ualbino" badala ya "zeruzeru," vinataka neno "mtu" lirudi mbele. Mtoto wa darasa la pili hajui historia hiyo, lakini anajua vizuri kabisa ni neno lipi huwachekesha wenzake.

Utani na kanuni zake

Jamii nyingi za Afrika Mashariki hazikuwahi kuliacha neno la kejeli lizurure ovyo. Zililiwekea utaratibu, nao ni utani. Wazaramo na Wanyamwezi, kwa mfano, ni watani wa tangu zama za misafara, na mtani huruhusiwa kusema msibani maneno ambayo kwa mtu mwingine yangeleta ugomvi. Mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown aliandika mwaka 1940 kuhusu mahusiano ya aina hii na kuyaeleza kuwa ni mchanganyiko wa urafiki na uadui wa kuigiza, ambamo mmoja hudhihaki na mwingine hutakiwa asikasirike. Ndani ya nyumba utani huwa baina ya babu na mjukuu, bibi na mjukuu. Huko ndiko mtoto husikia kwa mara ya kwanza kwamba neno linaweza kuchoma kidogo na bado likawa la mapenzi.

Kanuni za utani ni wazi kwa aliyekua nazo. Una mtani maalumu, humtanii kila mpita njia. Anayetania naye hutaniwa. Kuna mambo yasiyoguswa, na matani yakizidi wapo wakubwa wa kuyakata. Mchongoano wa watoto na vijana wa Kenya, mashindano ya kuchafuana kwa maneno yaliyotiwa chumvi kupita kiasi, nao una kanuni zake, na iliyo kuu ni kwamba kinachosemwa lazima kiwe uongo unaojulikana na wote. Mwanaisimu William Labov, aliyechunguza mashindano ya namna hiyo miongoni mwa wavulana weusi wa Harlem, New York, alionyesha katika uchambuzi aliouchapisha mwaka 1972 kuwa mchezo huvunjika pale neno linapogusa kweli. Aliyeambiwa uongo wa kuchekesha hujibu kwa uongo mkubwa zaidi. Aliyeambiwa kweli inayomuuma hukanusha, na akikanusha ameshatoka mchezoni.

Uwanja wa shule unazikoroga kanuni hizo. Watoto huja na utani wa nyumbani, wa mtaani na wa kwenye simu za kaka zao, wakakutana na wageni wa umri wao ambao hawakuwahi kukubaliana nao lolote. Atakayemwambia mwenzake kwamba nyumba yao ni ndogo hadi mende anapiga hodi atakuwa anachongoa, ikiwa wote wawili wanaishi sawa. Akimwambia hayo mtoto anayelala na ndugu wanne katika chumba kimoja, amefichua siri mbele ya darasa. Wahenga waliliona hilo waliposema mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Ngazi za darasa

Mwaka 1934 Jacob Moreno alichapisha kazi iliyoweka misingi ya kupima mahusiano ndani ya kundi kwa swali jepesi: kila mmoja aseme angependa kukaa au kucheza na nani. Mishale ikichorwa kutoka kwa kila mtoto kwenda kwa aliowachagua, darasa lililoonekana kama umati huwa ramani. Mwaka 1982 John Coie, Kenneth Dodge na Heidi Coppotelli walitumia pia swali la pili, la wale ambao mtoto asingependa kuwa nao, na wakapata makundi matano: wanaopendwa na wengi, wanaokataliwa, wasiotajwa na yeyote, wanaopendwa na wengine huku wakichukiwa na wengine, na wa kawaida.

Tofauti kati ya asiyetajwa na anayekataliwa ni kubwa kuliko inavyoonekana. Asiyetajwa huwa mkimya, na mara nyingi akihamia darasa au kundi jingine hupata marafiki. Anayekataliwa hubeba sifa yake kutoka mwaka hadi mwaka. Miongoni mwa wanaokataliwa wamo wachokozi waliochosha wenzao kwa matusi na ubabe, na wamo wanyonge ambao kila mtu anajua kwamba kuwacheka hakugharimu chochote. Wamo pia walio vyote viwili, wanaochokozwa kutoka pande zote kisha wakalipuka juu ya mdogo wao. Walimu huwaona hao wa mwisho kama wakorofi tu, kwa sababu mlipuko husikika na uchokozi uliotangulia haukusikika.

Ngazi hizi huonekana kwa macho pale timu za chandimu za wavulana zinapogawanywa. Manahodha wawili wanasimama, wanachagua mmoja mmoja kwa zamu. Safu inapungua. Anabaki mtoto mmoja, na nahodha ambaye zamu ni yake anasema, "Huyu mchukueni nyie." Mwenzake anajibu, "Hatumtaki, tumeshatimia." Hakuna tusi lililotamkwa, na mwalimu wa zamu aliyesimama hatua kumi kutoka hapo hana cha kuandika kwenye daftari lake. Mtoto anajifanya kufunga kamba za viatu.

Mwaka 1995 Nicki Crick na Jennifer Grotpeter waliupa uchokozi wa namna hii nafasi yake katika utafiti, wakiueleza kama uchokozi unaoumiza kwa kuharibu mahusiano: kumtenga mtu, kumnyima urafiki, kumzushia. Watoto waliowachunguza nchini Marekani walikuwa wa darasa la tatu hadi la sita, na wasichana walionekana kuutumia zaidi kuliko wavulana. Tangu hapo imezoeleka kusema kwamba wavulana hupigana na wasichana husengenya. Mapitio ya mwaka 2008 ya Noel Card na wenzake, yaliyojumlisha tafiti 148 za watoto karibu 74,000, yalirekebisha picha hiyo: wavulana huzidi kwa mbali katika uchokozi wa ana kwa ana, lakini katika ule wa kuzunguka tofauti ya jinsia ni ndogo mno kuwa na maana. Wavulana nao hutenga, kama safu ile ya chandimu inavyoonyesha.

Kusoma nia ya mwenzako

Uchokozi mwingine huanzia kwenye kosa la kusoma tukio. Kengele ya mapumziko imelia na darasa la pili limepanga foleni ya uji, kila mtoto na kikombe chake. Wa nyuma anasukumwa, anamgonga wa mbele, uji unamwagikia sweta. Aliyemwagiwa ana nukta chache za kuamua: ni bahati mbaya au makusudi? Kenneth Dodge, kuanzia utafiti wake wa mwaka 1980, alionyesha kuwa watoto wenye sifa ya uchokozi, tukio likiwa na utata, huelekea kuona nia mbaya kuliko wenzao. "Umefanya makusudi!" ndilo neno la kwanza, na tusi hulifuata.

Dhana hiyo mbaya mara nyingi imejifunzwa. Mtoto anayesukumwa kila siku ana haki ya kutarajia kusukumwa leo. Tatizo ni kwamba jibu lake huwapa wenzake sababu mpya ya kumkwepa, na kumkwepa humthibitishia kwamba hawamtaki. Hapo uchokozi na upweke hulishana, na kumwambia mtoto huyo "acha matusi" bila kumsaidia kusoma upya tukio la foleni ni kukata jani na kuacha mzizi.

Wanaotazama

Uchokozi wa maneno mara chache hufanywa faraghani, kwa kuwa faida yake hutoka kwa wasikilizaji. Watafiti wa Kanada Debra Pepler na Wendy Craig walitega kamera na vinasa sauti katika viwanja vya shule za msingi za Toronto. Uchambuzi wao na wenzao wa mwaka 2001, wa watoto wa darasa la kwanza hadi la sita, ulikuta kuwa watoto wengine walikuwepo katika matukio 88 kati ya kila 100 ya uonevu. Waliingilia kati katika matukio 19 kati ya 100 tu. Lakini walipoingilia, zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu ulikoma ndani ya sekunde kumi.

Christina Salmivalli na wenzake wa Finland, katika utafiti wa mwaka 1996, waligawa majukumu yanayozunguka tukio moja: mwonevu, msaidizi wake, mshangiliaji anayecheka, mtetezi, anayejitenga, na anayeonewa. Mgawanyo huo ulibadilisha swali. Badala ya kutafuta mtoto mbaya na mtoto dhaifu, mtu hutazama darasa zima na kuuliza kicheko kinatoka wapi. Mtoto anayecheka si lazima awe na chuki. Mara nyingi anacheka kwa sababu kicheko humweka upande salama, na kwa sababu aliyethubutu kusema "mwacheni" jana aliitwa mchongezi.

Neno hilo, mchongezi, lina nafasi kubwa katika ukimya wa watoto. Wanafunzi wamefundishwa na wakubwa kwamba kuchongea ni tabia mbaya, na hawakufundishwa tofauti yake na kutoa taarifa. Tofauti yenyewe ni rahisi kuelezeka: anayechongea anataka mwenzake aadhibiwe, anayetoa taarifa anataka mwenzake aache kuumizwa. Mtoto wa miaka saba anaweza kuielewa akielezwa kwa mifano.

Kinachobaki baada ya neno

Methali moja husema maneno makali hayavunji mfupa. Nyingine hujibu kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Utafiti uko upande wa ile ya pili. Mwaka 2003 Naomi Eisenberger, Matthew Lieberman na Kipling Williams walipima bongo za watu wazima waliokuwa wakicheza mchezo wa kompyuta wa kurushiana mpira, kisha wakaachwa bila kupasiwa. Sehemu ya ubongo inayohusika na kero ya maumivu ya mwili iliamka. Hao walikuwa watu wazima, tena waliotengwa na wageni wasiowaona, katika mchezo usio na maana yoyote.

Kwa watoto wenyewe, Becky Kochenderfer na Gary Ladd waliwafuatilia watoto 200 wa miaka mitano na sita katika mwaka wao wa kwanza wa shule na kuchapisha matokeo mwaka 1996. Kuonewa kulitangulia, upweke na kuichukia shule vikafuata. Wazazi hukutana na matokeo hayo kwa sura ya tumbo linalouma kila Jumatatu asubuhi na kupona kufikia saa nne. Mwalimu hukutana nayo kwa sura ya mtoto asiyenyoosha mkono, anayebaki darasani wakati wa mapumziko, au anayewapa wenzake hela yake ya maandazi ili wamkubali.

Hata hivyo, si wote huumia kwa kiwango kimoja, na hapa utafiti umetoa jibu moja lenye uzito. Ernest Hodges na wenzake, mwaka 1999, walikuta kuwa kuonewa kulizidisha huzuni na wasiwasi kwa watoto wasio na rafiki wa karibu, huku wenye rafiki kama huyo wakikingwa. Rafiki mmoja alitosha. Hakuhitajika kuwa shujaa wa kupigana. Ilitosha kuwepo mtu wa kukaa naye baada ya neno kutamkwa.

Kwa ukubwa wa tatizo, ripoti ya UNESCO ya mwaka 2019 ilikadiria kuwa karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu duniani alionewa na wenzake walau mara moja katika mwezi uliotangulia, na kwa Afrika kusini mwa Sahara ni karibu nusu. Takwimu hizo zimetokana zaidi na vijana wa sekondari, kwa kuwa hao ndio wanaoweza kujaza dodoso. Mazoea yao, hata hivyo, yalianzia kwenye madawati ya chini.

Lugha ya watu wazima

Watoto hawakuzua dharau wenyewe. Mwalimu anayemwita mwanafunzi mbumbumbu mbele ya wenzake amewapa wanafunzi arobaini ruhusa ya kulitumia neno hilo uwanjani. Mzazi anayemlinganisha mtoto na wa jirani kwa masimango amemfundisha namna ya kusimanga. Zamani shule zenyewe ziliunda vyombo vya kudhalilishana. Katika Kenya ya ukoloni, kama Ngũgĩ wa Thiong'o alivyosimulia mwaka 1986, mtoto aliyenaswa akizungumza lugha ya mama aliweza kuvishwa shingoni kibao cha kumdhihaki, na wakosaji walinaswa kwa kifungo cha nguo kilichopita kutoka mtoto hadi mtoto, kila mmoja akimsaka mwenzake wa kumkabidhi. Shule ilikuwa imewaajiri watoto kuwadhalilisha watoto.

Sheria za leo zinakataza hayo kwa maandishi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ulioridhiwa na Kenya mwaka 1990 na Tanzania mwaka 1991, unamlinda mtoto dhidi ya ukatili wa mwili na wa akili. Tanzania ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inakataza kumtesa mwanafunzi kimwili au kisaikolojia. Kwamba tabia ya watu wazima shuleni inaweza kubadilika kulionekana Uganda, katika wilaya ya Luwero. Shule 42 za msingi zilishiriki katika jaribio la mpango wa shirika la Raising Voices, nusu yake zikiutumia kwa miezi 18. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa katika shule zilizoutumia, takriban asilimia 31 ya watoto walisema wametendewa ukatili wa mwili na wafanyakazi wa shule wiki iliyopita, dhidi ya karibu asilimia 49 katika shule nyingine.

Kinachosaidia

Hatua ambayo shule nyingi huanza nayo ndiyo yenye manufaa madogo: kuorodhesha maneno yaliyokatazwa na kumchapa anayeyatamka. Orodha haifikii "mchukueni nyie," na fimbo humfundisha mchokozi kusema kwa sauti ya chini. Kuwasimamisha wawili mbele ya darasa na kuwaamuru waombane msamaha nako huweza kudhuru, maana humtendea aliyeonewa kana kwamba ni mshiriki wa ugomvi, na humtangaza kuwa mnyonge kwa waliokuwa hawajajua.

Mipango iliyofanikiwa imeligusa kundi zima. Norway ilianza kampeni ya kitaifa mwaka 1983, baada ya wavulana watatu kujiua mwaka uliotangulia, na mpango wa Olweus uliojaribiwa katika shule za Bergen ulipunguza uonevu kwa kiasi kikubwa kwa kuwashirikisha walimu, wazazi na wasimamizi wa mapumziko kwa pamoja. Finland ilijaribu mpango wa KiVa kati ya mwaka 2007 na 2009, kisha ikausambaza nchini kote. Uzito wake uko kwa watazamaji: watoto hufanya mazoezi ya kutocheka, ya kumwendea aliyeonewa, na ya kumwita mtu mzima. Mwalimu wa chekechea wa Chicago, Vivian Paley, alitumia kanuni moja tu, kwamba hakuna ruhusa ya kumwambia mwenzako huwezi kucheza, akaieleza katika kitabu cha mwaka 1992. Watoto waliipinga mwanzoni, na wakubwa zaidi walisema ni ya haki lakini ngumu.

Darasa la watoto themanini na mwalimu mmoja haliwezi kubeba mpango wenye vitabu na mafunzo marefu, lakini mengi ya haya hayahitaji bajeti. Mwalimu anaweza kugawa timu kwa kuhesabu moja, mbili, moja, mbili, badala ya kuwaachia manahodha. Anaweza kubadilisha wanaokaa dawati moja kila mwezi, na kumweka anayekataliwa karibu na mpole anayeheshimika badala ya mkorofi mwenzake. Anaweza kuacha kusoma nafasi za mwisho kwa sauti. Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha mwaka 2023 kutangaza shule na wanafunzi bora kitaifa, na ngazi ya darasa inaweza kufuata mkondo huo. Watoto wanaweza kufundishwa kusema "sipendi, acha," na kufundishwa kwamba mtani wa kweli akisikia hivyo huacha.

Nyumbani, swali la "nani amekutukana?" huleta jina, na jina huleta ugomvi wa wazazi. Swali la "leo umecheza na nani?" huleta habari zaidi. Mzazi akisikia jibu "sijacheza na mtu" siku tatu mfululizo, asisubiri tusi ndipo aende kumwona mwalimu.